Impreza WRX ya 2003, taa ya oili inapepesa Ilula: 20W-50, 5W-40 au turudi 5W-30?

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, bodi ya GDA, injini EJ205 ya tabo, gia ya mkono, imekuja ikiwa yuzdi kutoka Japani. Dashibodi inasoma kilomita 172,000 na ushee, ingawa mtu asiziamini sana namba za dashibodi kwenye gari iliyopita mikono mingi. Mwenyewe ni jamaa yangu anakaa Mbezi, kazi zake zinampeleka Mbeya mara kwa mara, kwa hiyo hii gari ina maisha mawili: siku za kazi inachemka kwenye foleni ya Morogoro Road, na safari ikifika inakanyagwa kutoka Dar mpaka nyanda za juu na Mlima Kitonga upo katikati hapo.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu kidogo na tapeti zinagonga kwa muda kabla hazijatulia. Akishuka Kitonga kwa gia bila kukanyaga mafuta, akija kukanyaga tena moshi wa bluu unatoka wa kutosha mpaka wa nyuma anampigia taa. La tatu ndo lililomtisha: akishamaliza kupanda Kitonga akasimama Ilula kununua nyanya, gari ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kukanyagwa mafuta, taa ya oili inapepesa, inawaka inazima inawaka, akigusa mafuta inazima.

Gereji aliyokuwa anaenda walimwambia injini imezeeka, beringi zimeachia, kwa hiyo wakamtoa kwenye oili aliyokuwa anatumia wakamwekea 20W-50 ya kawaida, ile ya bei ya chini isiyo sinthetiki. Taa ikatulia kama mwezi hivi halafu ikarudi. Wakaongeza dawa ya chupa ya kuzidisha uzito wa oili. Ikarudi tena. Alipokuja kwangu swali lake lilikuwa moja tu, "Kaka, kuna oili nzito kuliko 20W-50 au ndo nijiandae ovahoo?" Na pembeni kuna rafiki yake mwingine anamwambia aachane na hao mafundi, kifuniko cha oili kimeandikwa 5W-30, Wajapani sio wajinga, rudi 5W-30.

Wote wawili walikuwa wanamchagulia oili kwa kukisia, hakuna aliyekuwa amepima kitu. Injini ya zamani yenye tabo ina hali yake, na hiyo hali inapimika kwa geji ya presha na dipstiki na macho, halafu namba ya oili inakuja baadaye. Umri peke yake haukwambii chochote. Kuna EJ ya kilomita laki mbili yenye beringi safi na kuna ya laki moja imekwisha kwa sababu mwenye gari alikuwa anafungua boneti siku ya sevisi tu.

Kwanza tuelewane oili inafanya nini humu ndani, maana EJ205 inaitumia oili kwa kazi nyingi kuliko injini ya gari ya kawaida. Beringi za konrodi na krenki zinaelea juu ya utando wa oili, na nafasi iliyopo hapo ni ndogo mno, sehemu za mia za milimita. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imebebwa na oili hiyohiyo, na oili ndo inayoondoa sehemu kubwa ya joto lake ikisaidiwa na maji. Halafu hizi zilizotoka Japani zina AVCS, mfumo unaogeuza kamshafti za upande wa hewa ya kuingia, na kinachozigeuza ni presha ya oili inayopita kwenye vavu ndogo na njia nyembamba. Oili ikiwa nzito kupita kiasi AVCS inachelewa kuitika, ikiwa chafu inaganda kabisa. Kwa hiyo hapa unahitaji oili isiyokatika beringi zikipata moto wa Kitonga, na wakati huohuo iweze kufika kwenye tabo na kwenye hedi haraka asubuhi.

Namba sasa, kwa kifupi. Ile yenye W inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi, na baridi ya vipimo vya SAE, wale wahandisi wanaopanga gredi za oili, sio ya kwetu: 5W inapimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Ndo maana watu wa Dar wanasema W haituhusu. Inatuhusu. Oili haisubiri barafu ndo iwe nzito, kwenye nyuzi 40 tu, ambalo ni joto la injini iliyowashwa dakika chache zilizopita, 20W-50 ya kawaida inakuwa na uzito wa karibu sentistoki 160 hadi 180 wakati 5W-40 nyingi zipo kati ya 80 na 90. Yaani nusu. Na hiyo ni nyuzi 40, asubuhi ya Makambako mwezi wa saba tofauti inakuwa kubwa zaidi. Ni kama uji uliolala usiku na uji uliotoka jikoni, wote ni uji lakini mmoja haumiminiki.

Namba ya pili ni uzito kwenye nyuzi 100. Gredi ya 30 inaanzia sentistoki 9.3 mpaka chini ya 12.5, gredi ya 40 kutoka 12.5 mpaka chini ya 16.3, gredi ya 50 kutoka 16.3 mpaka chini ya 21.9. Lakini kwa gari ya tabo kuna kipimo cha tatu ambacho hakiandikwi mbele ya galoni na ndo ninachokiangalia kuliko vyote, HTHS, oili inapimwa kwenye nyuzi 150 huku inakamuliwa kwa kasi kubwa, hali inayofanana na ya beringi ya konrodi ukiwa umekanyaga. SAE wanadai gredi ya 30 ifikishe angalau 2.9, 5W-40 angalau 3.5, na 20W-50 angalau 3.7. Angalia hizo hatua. Kutoka 30 kwenda 40 unaongeza 0.6, kutoka 40 kwenda 50 unaongeza 0.2 tu. Ni vima vya chini hivyo, 20W-50 nyingi zinapita hapo kwa mbali na siwezi kuzisingizia kuwa hazilindi beringi ya moto, zinalinda. Ila ulinzi mkubwa wa kwanza unaupata ukishatoka 30 ukaingia 40 nzuri, baada ya hapo unalipia kwa asubuhi.

Haya, tukarudi kwenye gari.

Kitu cha kwanza kilichoonekana kilinisikitisha kwa sababu kilikuwa hapo wazi muda wote. Dipstiki ilikuwa chini ya alama ya L. Kwenye EJ kati ya L na F ni kama lita moja, na injini nzima inabeba oili ya lita nne na kidogo, kwa hiyo gari ilikuwa inaenda Mbeya na robo ya oili yake haipo. Injini ya boksa imelala, sampu yake, beseni la oili la chini, ni fupi, ukipanda mlima mrefu au ukifunga breki kali oili inakimbilia upande mmoja na ile mdomo wa pampu unavuta hewa. Hapo weka 20W-50, weka grisi ukitaka, taa itapepesa. Na ndo maana ilikuwa inatulia baada ya kila sevisi kwa muda, siku ya sevisi oili inajazwa mpaka F, inakula taratibu mpaka inarudi kulekule, taa inarudi, mwenye gari anaambiwa injini inazidi kuchoka.

Dipstiki ya Subaru ina tabia mbaya, lazima niseme. Ukiichomoa mara tu baada ya kuzima oili iliyoganda kwenye bomba lake inapaka kijiti kizima, upande mmoja unasoma F mwingine unasoma nusu. Pima asubuhi gari ikiwa imelala sehemu ya usawa, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, na amini upande unaosoma chini. Wengi wanasoma upande wa juu kwa sababu unafurahisha.

Tukajaza oili ileile aliyokuwa nayo mpaka F, maana nilitaka kuipima injini na 20W-50 kabla ya kubadilisha lolote. Swichi ya presha ya oili kwenye EJ ipo mbele juu ya bloku, chini ya alteneta, tukaitoa tukafunga geji ya mshale pale. Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye gari ya aina hii alijue: ile taa ya dashibodi inawaka presha ikishuka mpaka kama PSI 2. Mbili! Kitabu cha sevisi cha Subaru kinataka angalau PSI 14 kwenye RPM 600 na PSI 43 kwenye RPM 5,000, oili ikiwa na nyuzi 80. Kwa hiyo kati ya 14 na 2 injini inaumia na dashibodi ipo kimya kabisa. Taa ikiwaka kweli, sio ya kuendesha mpaka gereji ya jirani, ni ya kuzima hapohapo.

Asubuhi injini ya baridi, 20W-50 ndani, geji ilipanda mpaka karibu PSI 85 kwenye RPM 2,000 ikasimama hapo. Jamaa akafurahi, "Si unaona ina presha!" Hiyo 85 ndo presha ambayo vavu ya usalama ya pampu inafunguka, maana yake oili imekuwa nzito kiasi kwamba sehemu ya ile inayosukumwa inarudishwa nyuma kwenye pampu badala ya kwenda kwenye hedi na tabo. Presha kubwa kwenye geji na oili kidogo kwenye tapeti, na tapeti ndo zilikuwa zinalia kweli wakati mshale umesimama juu. Presha ni kipimo cha ukinzani, haikwambii oili ngapi imefika.

Injini ilipopata moto sawasawa, tukaizungusha barabarani kwanza, 20W-50 ilisoma PSI 24 ikiwa sailensa na 70 kwenye RPM 5,000. Kwa injini iliyohukumiwa ovahoo hizo ni namba za kujivunia. Ikiwa na oili kamili hata taa haikupepesa.

Tukamwaga. Ilitoka nyeusi tii na harufu ya petroli iko wazi, na hili kwenye gari za tabo za foleni nimeliona sana: injini inawashwa, inatembea kidogo, inazimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha, petroli inayopita kwenye ringi inabaki ndani ya oili, inaipunguza uzito. Galoni ilisema 50 lakini kilichokuwa ndani ya sampu baada ya miezi ya Mbezi na Posta hakikuwa 50 tena.

Filta tukaikata. Kama hujawahi kukata filta ya oili ya gari yako anza, ni msumeno na dakika kumi. Kata kwenye kingo za bati la juu sio katikati, chuma cha msumeno kisiingie kwenye karatasi, toa karatasi, likamue kwenye vaisi kati ya vitambaa halafu likunjue juu ya karatasi nyeupe kwenye jua. Unatafuta vipande vinavyong'aa. Pitisha sumaku: vinavyoshikwa ni chuma, vinavyong'aa kama glita na sumaku havitaki, hizo ni beringi na hapo ndo ovahoo inazungumzika. Kwenye hii hapakuwa na glita. Palikuwa na punje nyeusi, ngumu, zinasagika kwa kucha zinaacha alama kama mkaa. Kaboni. Oili iliyoungua.

Inaungulia wapi? Kwenye tabo. Ukitoka barabarani umekanyaga ukazima injini palepale, oili iliyobaki ndani ya tabo inaachwa na joto lote peke yake, oili ya kawaida inapikika pale inageuka kaboni, sinthetiki inavumilia zaidi. Kwenye injini nyingi za EJ zenye AVCS, boliti ya banjo, ile yenye tundu la kupitisha oili, ya bomba la oili huko nyuma ya hedi ina kichujio kidogo cha waya ndani yake, kidogo kweli, na kikijaa hizi punje tabo inakosa oili na hutaona taa wala kusikia chochote mpaka siku tabo inalia. Yake ilikuwa imezibwa karibu nusu. Tulisafisha tukarudisha na washa mpya. Hii ndo ilikuwa hatari halisi ya gari hii wakati watu wanabishana juu ya beringi ambazo hazina shida.

Moshi tukaufuata kwenye PCV, vavu inayotoa gesi zilizojaa ndani ya injini. Vavu imeganda na uchafu, haitikisiki ukiitingisha. PCV ikifa presha inajaa ndani ya injini, oili ya kutoka kwenye tabo inashindwa kushuka vizuri kurudi kwenye sampu, inatafuta njia kupitia sili za tabo, moshi wa bluu. Spea yake ni ya bei ndogo kuliko galoni ya oili. Tukapima na kompresheni, silinda zote nne zinakaribiana, ringi hazijafa. Ule moshi wa asubuhi uliobaki kidogo nauweka kwenye vavu sili na kwenye umbo la boksa lenyewe, silinda zimelala kwa hiyo oili kidogo inajikusanya chini ya silinda gari ikilala, siwezi kuishusha injini kwa sababu ya moshi wa sekunde chache.

Sasa uchaguzi.

5W-30 ya kifuniko niliikataa kwa gari hii. Kwa Dar tupu na mwenye gari mtulivu 5W-30 nzuri ingefanya kazi, ila hapa kuna petroli inayoingia kwenye oili, kuna bonde la joto la Ruaha Mbuyuni ukifuatiwa na mlima wenye malori ambapo unapanda kwa gia ndogo tabo ikiwa inasukuma na upepo wa kupoza haupo, na 5W-30 nyingi za siku hizi zimetengenezwa kubana matumizi ya mafuta, HTHS yake ipo karibu na kile kima cha chini. Ikipunguzwa na petroli inaingia eneo ambalo silitaki chini ya beringi za EJ. Kile kifuniko kiliandikwa kwa ajili ya soko la Japani, kwa baridi ya Hokkaido na kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati. Na Subaru wenyewe hawakuwa na msimamo wa gredi moja dunia nzima, vitabu vyao vya soko la Marekani vya miaka ile vimeandika wazi kwamba sehemu za joto kali au kazi nzito mtu anaweza kutumia mpaka 20W-50. Kwa hiyo anayesema kutoka 5W-30 ni dhambi hajasoma kitabu, na anayesema 20W-50 ni ushamba naye hajasoma.

20W-50 niliikataa kwa sababu geji ilishasema haihitajiki. PSI 24 kwenye sailensa ni kubwa kuliko shida iliyopo, na gharama yake tunailipa kila asubuhi kwenye tapeti na tabo na AVCS. Zaidi ya hapo ile ilikuwa oili ya kawaida, na kosa kubwa lilikuwa hilo kuliko namba 50 yenyewe. Kama geji ingesoma chini ya 14 na oili ya gredi ya 40, filta ikiwa haina glita, ningempeleka 10W-50 sinthetiki na kumwambia ukweli kwamba tunanunua muda. Ikisoma chini ya 14 na filta inang'aa, hakuna oili ya kumsaidia, pesa ya oili aanze kuiweka kwa ajili ya beringi kabla krenki haijaliwa, maana krenki ikiliwa hesabu inabadilika kabisa.

Tukaenda na 5W-40 sinthetiki. Nilichokitafuta nyuma ya galoni ni ACEA A3/B4, alama ya watengeneza magari wa Ulaya, kwa sababu alama hiyo inadai HTHS ya 3.5 au zaidi, kwa hiyo huhitaji kutafuta karatasi ya vipimo. API, alama ya Marekani, yoyote kuanzia SL kwenda juu inatosha kwa gari ya 2003, SL ilitoka 2001, baadaye zikaja SP ya 2020 na SQ ya 2025, na ya mpya inafaa kwenye injini ya zamani. SP imeongezewa ulinzi wa tatizo la injini za tabo zenye sindano za moja kwa moja na la cheni za taimingi, EJ205 haina hivyo vyote viwili, ina belti na sindano zake zipo kwenye manifoldi, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya SP tu. Wale wanaohofia kwamba oili mpya zimepunguzwa zinki, na tapeti za hizi injini zinasuguana moja kwa moja na kamu kwa hiyo hofu ina msingi: ule ukomo wa fosforasi (inakuja pamoja na zinki kwenye dawa ileile) wa asilimia 0.08 wa kuanzia SM unazibana gredi nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, gredi za 40 na 50 hauzibani. Sababu nyingine ya kukaa kwenye 40.

Kuna watu wanatumia oili ya dizeli kwenye Subaru za tabo na huko Marekani Shell Rotella T6 5W-40 ilipendwa sana na wenye WRX. Inafanya kazi mradi nyuma kuna herufi S pamoja na C, S ni ya petroli. 15W-40 ya lori yenye C peke yake iache kwenye lori. Na oili zilizoandikwa za mashindano ziache pia, najua mapenzi yetu na hizi gari yalianzia Safari Rally, madereva McRae aliyeshinda 1997 na Burns 2000 wakiwa na Impreza, lakini injini ya mashindano inafunguliwa mara kwa mara na oili yake haikutengenezwa kuishi miezi kwenye foleni.

Kabla ya kuweka sinthetiki tulibadilisha gasketi za tapeti kava. Kuna imani kwamba sinthetiki inatoboa sili za gari kuukuu. Sinthetiki za leo hazili sili, ila zinasafisha ule uchafu uliokuwa umeziba sili iliyokwishakufa, na kwenye boksa tapeti kava ikivuja inadondokea kwenye ekzosi, unapata harufu ya kuungua ndani ya gari na watu wanailaumu oili. Filta nayo tulichukua ya Subaru yenyewe, vavu ya baipasi ya filta yao imewekwa ifunguke kwa presha ya juu kuliko filta nyingi za rafu, ukifunga ile inayofanana nyuzi tu oili inaweza kuwa inapita pembeni ya karatasi bila kuchujwa kila ukikanyaga.

Kuhusu kununua: oili feki ipo na galoni inafanana kwa kila kitu. Mimi nanunua kwenye kituo cha mafuta cha kampuni yenyewe au kwa wakala anayekupa risiti, naangalia sili ya kifuniko, namba ya bechi kwenye galoni iwe imechapwa vizuri, na bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine ya Kariakoo sinunui hata muuzaji akiwa ni mtu wa nyumbani. Galoni tupu usiitupe nzima, itoboe, maana hizo ndo zinarudi sokoni.

Matokeo. 5W-40 asubuhi: tapeti zinalia sekunde mbili tatu zinatulia, mshale haugandi kwenye 85 tena. Injini ya moto: PSI 18 kwenye sailensa, 58 kwenye 5,000. Zote juu ya 14 na 43 za kitabu, na kuna akiba kwa ajili ya petroli itakayoingia. Alipoenda Mbeya alisimama tena Ilula, geji tuliiacha imefungwa kwa muda na akanipigia simu kuniambia mshale ulikuwa 15 baada ya mlima na taa imezima. Hiyo 15 sio nyingi, ndo inanionyesha kwamba kwa 5W-30 angekuwa chini ya mstari pale juu, na kwamba 40 ndo mwisho wa wembamba kwa hii injini. Moshi wa kushuka Kitonga umepungua sana, haujaisha.

Oili bado inakula kidogo na itaendelea kula. Sasa anapima kila akijaza tangi, anabadilisha kila kilomita 5,000 bila kujali sinthetiki inajisifu kwenda 10,000 kwenye galoni, kwa sababu hiyo 10,000 haikuhesabiwa kwa tabo ya zamani yenye petroli kwenye oili. Akifika anaiacha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima. Kwenye buti anabeba lita moja ya oili ileile, gredi ileile, ili asije akajaziwa chochote kilichopo njiani. Sevisi ijayo tunakata filta tena na kuangalia kile kichujio cha banjo, na kama sailensa ya moto ikishuka chini ya 14 tutashusha sampu tuangalie kwanza ule mkono wa pampu, bomba linalonyonya oili kutoka kwenye sampu, kwenye EJ za tabo una historia ya kupasuka kwenye kiungo chake, halafu ndo tuzungumzie beringi.